Figo za Mdogo Wangu

Mdogo wangu aliteremka kutoka Mghange, kwetu milimani Taita, kuja kunipa figo moja, akarudi nyumbani na mfuko wa dawa. Naanzia hapo kwa sababu kila nikijaribu kuanzia kwingine huwa najipendelea.

Mgonjwa nilikuwa mimi. Wakati huo nilikuwa nauza ndizi sokoni Voi, ndizi zinazotoka Taveta, za kupika na za kuiva, na wateja walianza kuniambia kwamba nimenawiri. Kumbe nilikuwa nimevimba. Asubuhi uso, jioni miguu, na mkojo ukitoa povu kama maji ya kufulia. Nilipokwenda kwenye zahanati hapa mtaani kwetu Kaloleni, muuguzi alinipima presha mkono huu, akanipima tena mkono wa pili, halafu akaniuliza nimekuja na nani. Nikajua hilo si swali la kuulizwa mtu mwenye afya. Kutoka hapo nikatumwa Mombasa kwa daktari wa figo.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, msemaji wa taratibu, asiyependa kumdanganya mtu. Alinifanyia skani kwanza. Akasema skani humwonyesha ukubwa wa figo tu, na zangu zilikuwa zimeanza kusinyaa, lakini yeye alitaka kujua huko ndani kumeharibika kiasi gani, na kwa hilo sharti wachukue kipande cha nyama yenyewe. Nikalazwa kifudifudi, taulo iliyokunjwa chini ya tumbo, wakanichoma ganzi mgongoni, nikaambiwa nivute pumzi niizuie. Kikalia kitu kama stepla. Kipande nilikiona ndani ya kichupa, chembamba kama uzi, hakifiki hata urefu wa kidole, na nikashangaa kwamba maisha yangu yatahukumiwa kwa kitu kidogo namna ile. Nililala chali mpaka jioni, wauguzi wakinitazamia mkojo kama una damu.

Niliporudi kuchukua majibu, daktari alinigeuzia kompyuta nione mwenyewe. Alinieleza kwamba figo ina vichujio vingi vidogo visivyoonekana kwa macho, na kazi ya watu wa maabara ni kuvitazama kwa hadubini, kimoja kimoja, waseme kipi ni kizima na kipi kimegeuka kovu. Halafu wanaitazama nyama iliyo katikati ya vichujio, wanakadiria ni sehemu gani imebaki nyama na ni sehemu gani imekuwa kovu. Ili wasikosee, hutia rangi, na penye kovu panatokeza buluu.

Zangu zilikuwa buluu. Buluu kama sare ya shule, na vijisehemu vyekundu hapa na pale. Daktari alisema zaidi ya nusu imekwenda. Nikamuuliza dawa ya kuondoa buluu inaitwaje. Akaniambia kwamba kovu halirudi kuwa nyama. Tutakilinda kilichobaki, akasema, na kikiisha itabidi mashine iwe inakusafisha damu, au upate mtu wa kukupa figo yake.

Nikarudi Voi na masharti. Chumvi marufuku. Dawa za maumivu za dukani marufuku. Maji ya kunywa kwa kipimo, kwa sababu miguu ilikuwa haijaacha kuvimba. Mboga zichemshwe, maji yamwagwe, zichemshwe tena. Na ndizi marufuku, kwa sababu zina kitu ambacho figo mbovu hushindwa kukitoa mwilini. Nikawa muuza ndizi asiyeonja ndizi. Wateja waliponiuliza kama ni tamu niliwaambia waulize waliozila.

Sasa huyu mdogo wangu. Mama yetu alibakiwa na wasichana wawili tu, mimi na yeye, na wivu wangu kwake haukuanza na figo. Mimi nilibebeshwa kuni, yeye alibebwa mgongoni. Mimi nilipokosa karo nilikaa nyumbani, yeye alipokosa, mbuzi wa mama aliuzwa. Mimi nililetwa huku chini kwenye joto na vumbi kuolewa, yeye aliolewa palepale Mghange, kwenye ukungu na kabichi, hatua chache kutoka mlangoni kwa mama. Hakuwahi kunikosea. Hilo ndilo lililokuwa likiniudhi, maana mtu asiyekukosea hakupi nafasi ya kumchukia kwa haki.

Aliposikia habari zangu alikuja bila kuitwa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki sebuleni, akanywa chai, akasema kana kwamba anazungumzia mbegu za mahindi, "Mimi ninazo mbili. Kulima kabichi, moja inatosha." Nililia siku ile. Kwa majuma machache nilimpenda bila kasoro yoyote, na nawaambia ukweli, ilikuwa raha kupumzika namna ile.

Tukaenda Mombasa kwa treni. Wanaotaka kutoa figo hupimwa kila kitu, na kwenye mkojo wake wakakuta damu na protini. Wakarudia. Wakamlaza kifudifudi kama nilivyolazwa mimi, nikaisikia ile stepla nikiwa nimekaa nje ya mlango. Tulipoambiwa kwamba naye ana ugonjwa wa figo, kabla sijahuzunika, nilihisi kama nimepata mwenzangu. Nilimshika mkono nikamwambia tutapambana pamoja. Nilikuwa tayari kumfundisha kuchemsha sukumawiki mara mbili.

Ndipo daktari akageuza kompyuta.

Za kwake zilikuwa nyekundu. Nyekundu nzuri, ya kung'aa, na buluu ilikuwa mistari michache pembeni kama uzi uliochomoka kwenye pindo. Daktari alieleza kwamba vichujio vyake vimevimba, vinashambuliwa, lakini havijageuka kovu, na kitu kilichovimba kina dawa. Akamwandikia vidonge. Kisha akanigeukia mimi, akatabasamu, akasema, "Huyu tumemuwahi."

Neno hilo nililibeba kutoka Mombasa mpaka Voi. Tumemuwahi. Nani aliyemuwahi? Mimi ndiye niliyevimba. Mimi ndiye niliyemfikisha pale. Kama mimi ningekuwa mzima yeye angekaa Mghange na mkojo wake wenye damu isiyoonekana mpaka zake nazo ziwe buluu, na hapo ndipo tungekuwa ndugu sawasawa. Alikuja kunipa akapewa yeye, na mimi nikabaki vilevile, ila sasa bila hata mtu wa kunipa. Mume wangu alipimwa akakataliwa kwa ajili ya sukari. Hakukuwa na mwingine.

Watu wa pwani husema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nilikuwa nimeshakonda kwa kula vyakula visivyo na chumvi, kwa hiyo sikuona hasara.

Mghange ni mbali na kliniki, basi kila alipokuwa na miadi alilala kwangu. Vile vidonge vilimpa njaa isiyo ya kawaida na vikamvimbisha mashavu, uso ukawa duara kabisa. Majirani wakamsifu kwamba amependeza, wakaniuliza mimi kwa nini simwigi mdogo wangu. Na ndizi yeye hakukatazwa. Jioni alikaa kwenye ngazi ya mlango wangu, karibu na mikungu yangu, akamenya, akala, akamenya nyingine, huku akinisimulia habari za mama na za mbwa wa mama. Maganda aliyapanga vizuri pembeni, moja juu ya jingine. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nyuma yake nikiitazama shingo yake jinsi inavyomeza, na nilichokihisi hakikuwa njaa.

Zaidi ya ndizi, kilichonikera ni vile alivyozitunza zile figo. Hakukosa kidonge hata kimoja. Simu yake ililia kengele, akasimama hata kama mtu yuko katikati ya maneno. Kule juu kwao alijifunga leso kiunoni, juu yake sweta, ili figo zisipigwe na baridi. Hakubeba tena gunia la kabichi. Alilala kwa ubavu, eti asizibane, ingawa daktari hakuwahi kumwambia lolote la namna hiyo. Alizilea kama mwanamke anavyolea mimba. Mara moja aliniuliza kama walioshonwa upande wa kulia huumwa zaidi kuliko wa kushoto, nikamjibu kwamba sijui, mimi sijashonwa popote. Nikajiambia kwamba huyu hata kuumwa anataka aumwe kwa madaha.

Miezi ikapita. Daktari akasema vipimo vya mkojo wake vinatia moyo, lakini angependa kuchukua kipande kingine, akilinganishe na kile cha kwanza, aone kama uvimbe umetoka na kama kovu limeongezeka, ndipo aamue kuhusu dawa. Watu huomba kusamehewa sindano ile. Mdogo wangu aliuliza kama haiwezi kufanywa juma lilelile. Nani hufurahia kudungwa mgongoni? Nikaona anataka kusifiwa kwa picha.

Kabla ya safari mama alituita sote wawili Mghange. Mama ni mwanakwaya wa kanisa tangu ujana wake na mchungaji hapendi mambo haya, lakini kutasa, ile ibada ya jadi ya kutoa kinyongo, hajaacha. Kwetu Wadawida, watu wa milima ya Taita, hasira iliyofichwa moyoni mwa ndugu haikai kimya, humfuata yule iliyemlenga ikamzuia kupona. Dawa yake ni kuitoa. Mwenye kinyongo hukisema kwa kinywa chake, kisha huchukua funda la maji au la maji ya miwa, akalipuliza nje, huku akimtakia mwenzake baridi na amani. Maji yakitoka, hasira imetoka nayo.

Tulisimama uani asubuhi, ukungu bado uko kwenye migomba. Mama alikuwa na kikombe cha maji ya kijitoni. Sikutegemea kuulizwa mimi, maana mgonjwa zaidi nilikuwa mimi na nilidhani nimeitwa kuombewa. Mama akanitazama mimi kwanza.

"Una nini na mwenzako?"

Ningeweza kukataa. Lakini mama ndiye aliyenizaa, na hata hivyo nilikuwa nimechoka.

"Namwonea wivu," nikasema. "Alikuja kunipa, akapewa yeye. Namwonea wivu akila, namwonea wivu akimeza dawa. Mimi dawa ya kumeza sina."

Mama aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa bidhaa aliyoagiza. Mdogo wangu alikuwa akitazama chini, anakung'uta tope kwenye kiatu. Nilimngojea aseme neno, aombe radhi hata kwa kosa lisilo lake. Alichosema ni hiki tu: "Ngoja kwanza nipimwe, dada."

Nilichemka. Nilikuwa nimejivua nguo mbele ya watu, naye ananiambia ningoje nisikie jinsi alivyopona. Mama akanipa kikombe nikachukua funda.

Hapo likatokea jambo ambalo mtu asiyepimiwa maji hawezi kulielewa. Maji yale yalikuwa baridi, yametoka mlimani, na mimi nilikuwa mtu wa kukaa kutwa nzima sokoni Voi juani nikilamba midomo. Yalipofika kinywani koo lilijifungulia lenyewe. Yalipita. Nilichopuliza kilikuwa mate kidogo na aibu. Mama, ambaye macho yake hayajazeeka, aliona koo langu likipanda na kushuka. Akanipa funda la pili, nalo nikalimeza zaidi ya nusu. La tatu hakunipa. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba aliyemeza maji hayo ameirudisha hasira mahali pake, akaingia ndani kupika uji.

Nilimfuata jikoni nikamweleza habari za kiu. Alisema anaelewa. Lakini alipotusindikiza barabarani alimkumbatia mdogo wangu muda mrefu, na mimi akanipa mkono.

Kwa hiyo tulikwenda Mombasa huku kila mmoja anajua kwamba majibu yakiwa mabaya mkosaji ni nani. Alidungwa, akalala chali, hakulalamika. Baadaye tukaitwa kusikiliza majibu. Nikiwa ndani ya treni nilijaribu kuomba Mungu zake ziwe zimepona, na kila nilipoanza sala hiyo nilijikuta naingia kwenye sala nyingine, inayohusu zangu.

Daktari aliweka picha mbili kwenye kompyuta, ya kwanza na ya sasa, ubavu kwa ubavu. Hata mimi nisiyesomea niliona. Vile vichujio vilivyokuwa vimefura vimetulia, vimekaa mviringo mzuri. Nyekundu imejaa. Ile mistari ya buluu pembeni ilikuwa palepale ilipokuwa, haijasogea. Daktari, ambaye si mtu wa kusifu ovyo, alisema hapati picha kama hizi kila siku.

Nilisema Mungu ni mwema. Niliisema kwa sauti, nikapiga hata makofi. Ndani yangu wivu uliniuma mahali hasa ambapo figo ziko, mgongoni, chini ya mbavu, nikalazimika kubadilisha namna nilivyokaa. Niliitazama ile nyama nyekundu nikaitamani kama nilivyowahi kutamani vitu vichache sana maishani. Nilitaka iwe yangu. Nilitaka mtu aniambie mimi kwamba buluu haijasogea.

Mdogo wangu alikuwa ameinama karibu na kioo cha kompyuta.

"Kwa hivyo sasa ziko sawa?" akauliza.

"Ziko vizuri sana," daktari akasema.

"Basi nimpe lini?"

Daktari hakuelewa. Alimuuliza ampe nani, ampe nini.

"Dada yangu. Moja. Si mlisema hamwezi kuichukua kwa sababu ina ugonjwa? Nimeitibu. Imepona, umeona mwenyewe."

Daktari alizima kile kioo kwanza, nadhani alitaka tumtazame yeye, kisha akaanza kueleza polepole. Mtu aliyewahi kuwa na ugonjwa ule hawezi kutoa figo, si leo wala baadaye. Ugonjwa unaweza kurudi. Akibaki na moja ataiharibu ile moja, na ile atakayonipa mimi huenda ikaja na matatizo yake. Kupona kwake ni kupona kwa kukaa nazo zote mbili. Alisema pia kwamba anasikitika, alidhani sisi tulilijua hilo tangu siku ya kwanza. Mimi nililijua. Ilivyotokea nikalijua mimi na yeye asilijue, sina maelezo, ila kwamba siku ile ya kwanza nilikuwa nimeshughulika na yangu na sikumuuliza yeye amesikia nini.

Mdogo wangu alibishana. Sijawahi kumwona akibishana na mtu aliyesoma. Alimuuliza daktari dawa zile zote zilikuwa za nini, na sindano ya pili ilikuwa ya nini. Daktari akamjibu kwamba zilikuwa kwa ajili yake mwenyewe, ili aishi.

"Mimi sikuja hapa kwa ajili yangu," akasema.

Tulitoka tukakaa kwenye benchi la ukumbini. Alilia na uso wake wa duara, akijipangusa kwa ile leso ya kiunoni, na watu waliopita walimtazama kwa huruma, wakafikiri ndiye aliyepewa habari mbaya. Mimi niliyepewa habari mbaya nilikuwa nimekaa macho makavu. Leso, sweta, kulala kwa ubavu, gunia alilokataa kubeba, lile swali la kulia na kushoto, vyote vilinipita mbele ya macho, na kila kimoja nilikuwa nimekichukia kwa wakati wake.

Kengele ya simu yake ililia. Hakuinuka. Ikalia mpaka ikanyamaza.

"Meza dawa," nikamwambia.

"Za nini sasa?"

Nilichukua mfuko wake nikatafuta kile kidonge mwenyewe, nikaenda kumwombea muuguzi maji. Nilikuwa na hasira, na sijui nilikuwa nimemkasirikia nani. Nikamwambia kwamba asipomeza nitamchukia mpaka siku ya kufa, na kwamba anajua kuchukia ninaweza. Alinitazama. Akafungua kinywa, akameza, akanionyesha ulimi kama alivyokuwa akimwonyesha mama utotoni.

Nilimpenda wakati ule kuliko nilivyowahi kumpenda mtu yeyote, na wivu ulikuwa palepale, haujapungua hata kidogo.